Mapambo ya makaburi Dar: mwisho wake uwe wapi?

#1 BintiYombo

Wakuu, salaam. Nina jambo linanisumbua, naomba tulijadili kwa heshima maana linagusa marehemu wetu.

Mama tulimzika mwaka jana kwenye makaburi ya umma, hapa hapa Dar. Sitayataja, kwa sababu hali yenyewe iko sehemu nyingi. Kutoka tuliposhusha jeneza hadi kwenye shimo hapakuwa na njia. Huku kaburi limejengewa ngazi za marumaru, kule limezungushiwa uzio wa nondo zenye ncha, mbele yake kuna kibanda cha bati ambacho nguzo zimesimikwa nje kabisa ya kaburi, palepale watu wanapopita. Wabebaji wakakwama. Ikabidi jeneza lipitishwe juu ya uzio wa kaburi la mtu: vijana wanne huku, wanne kule, wanapokezana, mjomba anawaelekeza "taratibu, taratibu". Kitambaa cheupe kilichofunika jeneza kikanasa kwenye ncha ya nondo, kikachanika kuanzia katikati hadi pembeni. Mama mdogo akavua kitenge chake cha juu akafunika palipochanika, tukaendelea.

Sasa mwaka unakaribia kutimia na familia imekaa kikao cha kujengea kaburi. Kaka zangu wanataka granaiti nyeusi, kibanda cha bati la rangi, uzio wa chuma na geti lenye kufuli. Hoja yao ina uzito. Mama alitusomesha kwa vitumbua, alfajiri yuko jikoni, leo watoto wana uwezo, kwa nini alale kwenye tuta la mchanga? Kumuenzi sipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kwamba tukijenga hivyo, familia ya atakayezikwa jirani na mama itapitisha jeneza lao juu ya nondo zetu.

Nimejaribu kuulizia utaratibu. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine. Kibali cha kuzika tulipewa, kina jina la marehemu na tarehe, lakini hakisemi kaburi lijengewe kwa ukubwa gani wala nini kinaruhusiwa juu yake.

Maoni yangu ni haya: pambo la kaburi liishie kwenye kaburi. Ndani ya mipaka hiyo kila familia ifanye kwa kadiri ya dini yake, uwezo wake na upendo wake. Nje ya hapo ni njia ya watu wote. Na kanuni hiyo iandikwe, ibandikwe getini, mtu aipate pamoja na kibali, siku ileile, kabla fundi hajaitwa. Mnasemaje? Anayejua sheria pia atusaidie.

#2 MzeeWaMagomeni

Pole sana binti yangu, Mungu amrehemu mama.

Sisi tulipokuwa vijana kaburi lilikuwa tuta la udongo, msalaba wa mbao au jiwe kichwani, pembeni watu wanapanga makombe ya pwani au chupa zilizopinduliwa, mdomo chini. Mwenye mapenzi zaidi anapanda ua. Hapakuwa na karatasi ya kanuni, ila palikuwa na mzee wa makaburi aliyejua nani kalala wapi, na huyo ukitaka kuongeza hata tofali unamuuliza. Akisema hapana, ni hapana. Mji umekua, wazee wale wamekwisha, na hawakurithiwa na mtu. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba sasa iandikwe.

#3 NipoKigogo

Nafuatilia. Na sisi tuna kikao kama hicho mwezi ujao.

#4 FundiTerazo

Dada pole. Mimi najenga makaburi, ndiyo kazi inayolisha wanangu, kwa hiyo nizungumze kama fundi.

La kwanza, msikimbilie. Sehemu nyingi za Dar udongo ni kichanga. Ukichimba na kurudishia haukai palepale, unashuka kidogo kidogo, na masika ikipiga ndipo unashuka kweli. Kaburi lililojengewa wiki mbili baada ya mazishi utalitambua tu: limepasuka katikati au limeinamia upande mmoja, na vigae vimeachana. Familia inarudi kumlaumu fundi, na fundi alilazimishwa amalize kabla ya arobaini. Kama kwenu mwaka unakaribia na mmeshapitisha masika, mmefanya vizuri.

La pili ni hilo la mipaka. Niseme ukweli, pambo haliwezi kuishia kwenye ukingo wa shimo kabisa. Mkanda wa zege unatakiwa ukae juu ya ardhi ambayo haijachimbwa, ukikaa juu ya udongo wa kurudishia utazama nao. Kwa hiyo lazima utoke nje ya shimo. Lakini inchi sita kila upande zinatosha, na nondo zikiwa ndani ya zege kaburi halitikisiki. Anayetaka futi mbili kila upande hatafuti uimara, anachukua nafasi ya mtu mwingine. Wateja wa hivyo ninao. Huwa nawaambia, wengine wananielewa, wengine wanatafuta fundi mwingine.

La tatu, vigae vya kung'aa vya sakafuni. Watu wanavipenda maana vinameremeta siku ya uzinduzi. Mvua ikinyesha vinateleza, na watu makaburini wanakanyaga popote wakitafuta pa kupita. Halafu jua la Dar linavibandua, maji yanaingia kwenye maungio, miaka michache kaburi limebaki na mabaka. Terazo, yaani saruji yenye vipande vidogo vya mawe, ikisuguliwa vizuri inakaa zaidi na haibanduki. Hata plasta safi iliyopakwa rangi nyeupe na kurudiwa kila mwaka inapendeza kuliko vigae vilivyobanduka.

La nne, chuma. Maeneo yaliyo karibu na bahari uzio wa chuma unaliwa na kutu upesi kuliko mnavyofikiri. Na usipoliwa na kutu, unaibiwa na watu wa vyuma chakavu. Nimejenga misalaba ya chuma, nimerudi mwaka unaofuata nimekuta tundu. Sasa najenga wa zege, nondo nyembamba ndani. Huo mwizi hana pa kuuuza.

#5 Kaka_Segerea

Naomba nipingane kidogo na mleta mada, kwa heshima.

Uzio mnaouona kama fahari, kwa wengine ni ulinzi. Kaburi la baba yangu liliwekwa msalaba na kibao chenye picha yake. Msalaba ukaibiwa. Tukaweka mwingine, ukaibiwa. Kibao kikavunjwa. Siku moja tumekwenda na watoto tumekuta watu wamekalia kaburi wanakunywa, chupa wameziacha palepale kifuani kwa baba. Mama alilia siku nzima. Tukaweka uzio na geti, tangu hapo kuko salama.

Sasa kanuni ikija kusema "hakuna uzio", nani atalinda? Wekeni kwanza walinzi, taa na ukuta mmoja wa kuzunguka eneo zima, ndipo mtuambie tung'oe nondo. Mkianza na kutubana sisi wafiwa bila kutupa ulinzi, mtakuwa mmetuonea.

#6 BintiYombo

Kaka, hilo sikatai, na pole kwa mliyoyapitia. Tena nadhani umelisema vizuri kuliko mimi: ukuta mmoja wa eneo zima. Kila familia inajenga ukuta wake kwa sababu ule wa wote haupo. Fedha zilizomwagwa kwenye nondo za kaburi mojamoja, zikikusanywa, zingejenga ule mkubwa na kulipa walinzi. Lakini uzio wako, umebakiza nafasi ya mtu kupita pembeni?

#7 Kaka_Segerea

Upande mmoja ndiyo. Upande wa pili tumegusana na jirani.

#8 Ustadhi_Mbagala

Asalaam aleikum, na kwa wasio Waislamu amani iwe kwenu. Dada pole kwa msiba.

Kwetu sisi jambo hili limeelezwa zamani. Jabir (r.a.) amepokea, na hadithi iko kwa Imamu Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Angalieni hilo la kukaliwa limetajwa pamoja na la kujengewa. Anayemkalia maiti na anayemjengea wote wamekatazwa katika maneno yaleyale. Lakini kulitambulisha kaburi hakukukatazwa. Alipozikwa Uthman bin Madh'un, Mtume mwenyewe aliweka jiwe upande wa kichwani ili alijue kaburi la ndugu yake. Hiyo imepokewa na Abu Daud. Na katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata huku pwani, kaburi linanyanyuliwa kiasi cha shubiri tu, lijulikane lisikanyagwe.

Sasa sikilizeni sababu, maana ndiyo inayogusa mada. Wanazuoni wetu wametofautisha ardhi mbili. Ukijenga juu ya kaburi kwenye ardhi yako mwenyewe, ni makuruhu, yaani linachukiza ila si haramu. Ukijenga kwenye ardhi iliyotengwa watu wote wazikwe, ni haramu, kwa sababu unawabania wenzako mahali ambapo haki yao ni sawa na yako. Maiti mwili ukishageuka udongo, pale patazikwa mwingine. Ukimwaga zege umelifunga eneo hilo vizazi na vizazi.

Kwa hiyo wanaotuuliza kwa nini makaburi yetu mengi hayana mapambo wasidhani hatuwapendi wazee wetu. Tunawaombea dua, tunawatolea sadaka, tunawazuru, na tunaacha nafasi. Japo ukweli usemwe, hata kwetu siku hizi utakuta vigae na vibanda, na masheikh wanakemea kila mara.

#9 MwalimuTandika

Shukrani ustadhi, umetufungua. Naomba nikuulize kwa nia njema. Wazee wetu wa pwani hii hii walijenga, tena kwa ufundi mkubwa. Ukienda kwenye magofu ya Kunduchi, yapo makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa, na yamepachikwa sahani na bakuli za kaure kutoka China. Msasani na Mbweni pia kuna makaburi ya zamani, na Kaole kule Bagamoyo. Mahali bakuli lilipong'olewa pamebaki tundu la duara, chokaa imeshika umbo la kitako chake. Nimewapeleka wanafunzi, mmoja aliingiza ngumi yake mle ndani akauliza nani alikuwa na roho ya kung'oa. Hao waliozikwa pale walikuwa Waislamu. Tuseme nini?

#10 Ustadhi_Mbagala

Mwalimu, swali zuri. Kitendo cha wazee si hoja ya sheria ya dini, tunawaombea msamaha kwa hilo kama tunavyojiombea sisi. Lakini kwamba yajengwe mapya ni jambo moja, na kwamba yaliyopo yabomolewe ni jambo jingine. Yale ni historia ya watu wetu, yamehifadhiwa na serikali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mimi sioni faida ya kuyagusa. Walioyang'oa mabakuli hawakung'oa kwa ajili ya dini. Waling'oa wakauze.

#11 MwalimuTandika

Nimekuelewa. Basi nilete mfano mwingine, maana kanuni anayoitaka BintiYombo ipo tayari kwenye eneo moja la Dar, na watu wanapita nje yake kila siku.

Ni makaburi ya vita, kando ya Barabara ya Bagamoyo, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Msingi wa tume hiyo uliwekwa kwenye ripoti ya Frederic Kenyon ya mwaka 1918: alama za makaburi ziwe za namna moja, jenerali na askari wa kawaida sawa, tajiri na maskini sawa. Familia za Uingereza zilipinga sana, zilitaka kila mmoja ajenge kwa uwezo wake au mwili urudishwe nyumbani. Zilikataliwa yote mawili. Ndugu waliruhusiwa kuongeza maneno yao chini ya jiwe, yasizidi herufi 66 ukihesabu na nafasi. Hakuna uzio wa mtu mmoja mle, hakuna kibanda. Nyasi zimekatwa, kaburi na kaburi pana njia, na mtu mmoja mwenye mashine anamudu kutunza eneo kubwa.

Lakini nisiwadanganye kwa kusifia tu. Makaburi hayo yalianzishwa pale mwaka 1968, baada ya makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyokuwa Ocean Road kuhamishwa kupisha barabara mpya. Walipohamisha, Wakristo Waafrika, Waislamu na wengine wasio Wakristo walikutwa hawakuwekewa alama ya mmojammoja tangu mwanzo. Wakazikwa upya kwa pamoja, kila kundi likajengewa ukuta wa kumbukumbu. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika wengi, wakiwemo wapagazi wa huku kwetu, hawakukumbukwa kwa usawa uliotangazwa, na ikaomba radhi. Wengi walichopata ni sanamu kama ile ya Askari pale Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, isiyo na jina la mtu.

Ninachotaka kusema: kanuni ya usawa ni nzuri, naiunga mkono kwa moyo wote, ila ianze na jina. Kabla hatujabishana kuhusu granaiti, kila aliyelala pale awe na kibao chenye jina lake na namba inayolingana na daftari. Kuna maelfu ya makaburi ya maskini hapa mjini ambayo kibao cha bati kimeshaoza na hakuna anayejua ni nani. Hilo linaniuma kuliko kibanda cha mtu.

#12 MzeeWaMagomeni

Mwalimu umesema kweli tupu. Mdogo wangu yuko Mburahati, mahali pake najua kwa kukisia tu.

#13 AnayejuaVifungu

Wakuu, nimeombwa kwenye ujumbe nichangie upande wa sheria. Huu si ushauri rasmi, ni maelezo ya jumla.

Kwanza, makaburi ya umma mjini yako chini ya halmashauri. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inazipa mamlaka za miji kazi hiyo na uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo anachoomba mleta mada, kanuni ya vipimo na mapambo, hakihitaji Bunge. Kinahitaji madiwani wa halmashauri yenu walibebe. Mnaye diwani, mfuateni, tena kwa maandishi.

Pili, watu wanachanganya kuzika na kumiliki. Kaburi ndani ya eneo la umma si kiwanja, huna hati. Umepewa mahali pa kumpumzisha mtu wako. Hata gharama kubwa ya marumaru haibadilishi hilo.

Tatu, na hii wengi hawaijui: kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Ardhi yenye makaburi ikihitajika kwa manufaa ya umma, makaburi yanaweza kuhamishwa. Fidia imewekewa ukomo: ni gharama za kuridhisha za kuhamisha, kusafirisha, kulirudishia kaburi na kuzika tena, pamoja na ibada au matambiko yanayoambatana. Hakuna kipengele cha kulipwa thamani ya eneo kama kiwanja. Mwalimu ametaja Ocean Road, barabara ilihamisha hadi makaburi ya askari. Mji huu unapanuliwa kila mwaka, kwa hiyo jengeni mkijua.

Nne, kwa Kaka_Segerea: Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la kuingia makaburini kwa nia ya kudhalilisha marehemu au kuumiza hisia za watu. Wale wanywaji mngeweza kuwafikisha polisi. Najua kuwapata ndiyo kazi.

#14 NesiWaTemeke

Hodi jamani. Niongeze kitu ambacho hakuna aliyekigusa, nacho ni vyombo vya maua.

Watu wanaweka makopo, ndoo ndogo na vyungu vya zege vilivyojengewa pembeni ya msalaba. Maua yakikauka chombo kinabaki, mvua inajaza maji. Mbu wa denge, Aedes, anapenda maji kama hayo hasa, yaliyotulia ndani ya chombo kidogo, na kwa joto letu yai linafika kuwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi hivi. Dar tulipata milipuko ya denge mwaka 2014 na 2019, wengi hapa mnakumbuka, wodi zilijaa. Makaburi yetu yako katikati ya makazi. Kinondoni, Mwananyamala, Temeke, ukuta wa nyumba na kaburi vinatazamana.

Ukijenga chungu cha maua, fundi akiache na tundu chini maji yatoke, au kijaze mchanga na maua uyachomeke mle, yatasimama vizuri tu. Hicho kipengele kisikosekane kwenye kanuni. Na mataji ya plastiki yenye waya na utepe yasiachwe mwaka mzima. Upepo unayapeleka kwenye mtaro, mtaro unaziba, maji yanarudi kwenye makaburi yaleyale.

#15 FundiTerazo

Nesi nakuunga mkono, hilo la tundu ni kazi ya dakika tano kabla zege halijakauka. Kuanzia leo nitalifanya hata mteja asiposema.

#16 Mama_Tabata

Sisi Wakatoliki tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, tunakwenda kufagia, kupalilia, kuwasha mishumaa na kusali. Ukiingia makaburini siku hiyo ndipo utaelewa anachosema BintiYombo. Watu ni wengi, bibi wenye fimbo, watoto, padri na maji ya baraka anataka kufika kila upande, na njia hakuna. Mimi nilimwona bibi mmoja akibaki barabarani kwa sababu miguu haimruhusu kuruka vikuta. Mjukuu wake akamwashia mshumaa, yeye akasali palepale kwa mbali.

Kanisa lenyewe linataka utaratibu uwepo. Kanuni ya 1243 ya Sheria ya Kanisa inaelekeza ziwekwe taratibu za makaburi, hasa za kulinda utakatifu wake. Kwa hiyo hata kwenye makaburi ya parokia mtu asione amenyimwa haki akiambiwa punguza. Na kaburi linalotembelewa sana lifikiriwe zaidi. La mwigizaji Steven Kanumba pale Kinondoni, tangu azikwe Aprili 2012, wameendelea kwenda watu wasiomjua hata kwa sura. Hao wote wanapita juu ya nani?

#17 Mjukuu_wa_Keko

Mimi nina wasiwasi mmoja. Kanuni ikishakuwepo, atatokea mtu getini na kitabu cha risiti. "Msalaba wako umezidi, lipa." Masikini atalipa, tajiri atapita. Bora isiandikwe ibaki kuelimishana tu.

#18 AnayejuaVifungu

Mkuu, hofu yako ina msingi, lakini dawa yake ni kipimo kinachoonekana kwa macho. Kanuni ikisema "kaburi liwe la heshima", hapo umempa mtu mwanya wa kukutoza. Ikisema urefu huu, upana huu, kimo hiki, nafasi hii kati ya kaburi na kaburi, na mchoro umebandikwa getini, basi mtoto wa shule na rula anaweza kukutetea.

#19 Kaka_Segerea

Nimewasoma wote. Ukuta wa eneo zima na mlinzi vikiwepo, nondo za baba nitazing'oa mwenyewe. Visipokuwepo, nitabaki nazo. Ila upande uliogusana na jirani nitaongea na fundi ausogeze ndani. Maneno ya yule bibi wa mshumaa yameniingia.

#20 BintiYombo

Ndugu zangu, asanteni sana. Jana tulikaa tena, nikawasomea kaka zangu uzi huu tangu mwanzo. Kaka mkubwa alikuwa mkali mwanzoni, aliona namnyima mama heshima. Kilichombadilisha ni maneno ya ustadhi kuhusu ardhi ya wote, ingawa sisi ni Walutheri. Alikaa kimya, akasema mama mwenyewe hakuwahi kumzibia mtu njia hata pale sokoni alipokuwa akiuza.

Tumekubaliana hivi. Mkanda wa zege inchi sita kila upande, kimo cha chini, juu terazo. Msalaba wa zege. Kibao chenye jina, tarehe zake na mstari mmoja wa Zaburi. Chungu kimoja cha maua, chenye tundu. Hakuna kibanda wala uzio. Fedha iliyokuwa ya geti na bati tumegawa mara mbili. Nusu itawekwa kwa ajili ya kumlipa kijana wa kupalilia na kupaka rangi kila mwaka. Nusu nyingine tutawawekea vibao makaburi ya jirani yasiyo na jina, yale ambayo ndugu zao tutawapata. Mwalimu, hilo limetoka kwako.

Bado mdogo wetu wa kiume hajaridhika, anataka angalau mnyororo wa kuzunguka. Tumemwachia muda, msiba ni wake pia.

Na barua ya diwani nimeanza kuiandika. Nimeweka mambo manne: vipimo, njia kati ya makaburi, vyombo vya maua visivyotuama maji, na daftari la majina lenye namba. Ukuta na walinzi nimeviweka mwanzoni kabisa, kwa ajili ya Kaka_Segerea na wengine kama yeye.

#21 FundiTerazo

Dada, kwenye barua ongeza kwamba nafasi kati ya kaburi na kaburi ipimwe kutoka nje ya mkanda wa zege, si kutoka kwenye shimo. Wakipima kutoka kwenye shimo, kila fundi atakula ile nafasi na mtarudi palepale. Wabebaji wawili wakiwa na jeneza katikati wanahitaji karibu futi nne wapite bila kukanyaga. Kila kaburi haliwezi kupata hiyo, lakini kila mstari wa makaburi uwe na njia moja ya namna hiyo.

#22 NipoKigogo

BintiYombo, ukimaliza barua naomba uiweke hapa tuione. Halmashauri yetu ni nyingine, ila tutabadilisha jina la diwani na la makaburi, tuipeleke na sisi.